Mdogo Aliyevaa Nguo za Kaka Yake

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msemo huu uliwafaa watunzi wa vitabu na wapiga muziki wa tangu zamani, na katika zama hizi huwafaa vilevile wale watengenezao michezo ya video, ambayo vijana huicheza mbele ya televisheni. Mchezo wa kwanza hutokea ukapendwa, watu wakausimulia, fedha ikaingia. Baada ya muda watengenezaji huwarudia wateja na mchezo wa pili wenye shujaa yule yule. Aghalabu huo wa pili huwa ni wa kwanza ulioongezwa ukubwa na kupungua ladha.

Hata hivyo, hutokea mara chache mdogo akazaliwa nyuma ya kaka mwenye sifa kubwa, akavikwa nguo zilizokwisha kumbana kaka huyo, na bado akatambulikana kwa sura yake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa michezo miwili ya kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto, Japani. Wa kwanza waitwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, na wa pili The Legend of Zelda: Majora's Mask. Kisa chao chafaa kusikilizwa katika kila nyumba yenye mtoto wa pili.

SIFA ZA KAKA

Ocarina of Time ulitoka mwezi wa Novemba 1998 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Ocarina ni aina ya filimbi ndogo, nalo jina la mchezo laweza kufasiriwa kuwa Filimbi ya Wakati. Shujaa wake ni Link, mtoto aliyelelewa msituni miongoni mwa watoto wasiokua. Anapewa kazi ya kumzuia dhalimu mmoja aitwaye Ganondorf asiinyakue nchi ya Hyrule. Katikati ya kisa Link anachomoa upanga uliosimikwa hekaluni, na papo hapo anashikwa na usingizi wa miaka 7. Anapoamka amekuwa mtu mzima, na soko alilolijua likiwa na watu na vicheko limegeuka makao ya maiti watembeao.

Mchezo huo haukusifiwa bure. Kabla yake, michezo iliyomwonyesha mtu akienda pande zote ilimtaabisha sana mchezaji, maana adui alipohama upande mmoja, picha ilibaki ikitazama ukuta. Watengenezaji walikwenda kutazama maonyesho ya mapigano ya panga katika bustani ya filamu mjini Kyoto, wakaangalia jinsi mpiganaji na adui wake wanavyozungukana bila kuachana macho. Waliporudi kazini wakaweka kitufe kimoja ambacho mchezaji akikibonyeza, macho ya shujaa hayamwachi adui wake. Taratibu hiyo imeigwa na michezo isiyo na idadi.

Gazeti la michezo la Japani liitwalo Famitsu liliupa alama 40 kwa 40, ambazo lilikuwa halijapata kuupa mchezo wowote mwingine. Nakala zaidi ya milioni 7 ziliuzwa duniani. Hata leo, watu wanapobishana juu ya mchezo bora wa video kupita yote, jina la Ocarina of Time halikosi kutajwa.

MWAKA MMOJA TU

Ni nani angependa kuzaliwa nyuma ya kaka wa namna hiyo? Shigeru Miyamoto, aliyekuwa msimamizi mkuu, hapo mwanzo hakuagiza mchezo mpya. Alimtaka Eiji Aonuma, ambaye alikuwa amebuni mahekalu ya ule wa kwanza, ayapange upya mahekalu yale yale ili yawe magumu zaidi. Aonuma hakuridhika moyoni, kwani kazi ile ilikuwa kama kupewa wali wa jana aupashe moto na kuuita karamu. Alipoeleza kwamba afadhali abuni kitu kipya, akapewa sharti gumu: atengeneze mchezo mzima, lakini aumalize kwa muda wa mwaka mmoja.

Mwaka mmoja haukutosha kuchora kila kitu upya. Kwa hiyo Aonuma na wenzake wakafungua kabati la kaka. Walichukua maumbo ya watu yaliyokwisha kuchorwa wakayapa maisha mengine. Mwanamke aliyekuwa akifuga kuku katika mchezo wa kwanza amekuwa, katika wa pili, mtunzaji wa nyumba ya wageni. Binti mfugaji wa ng'ombe na farasi, aliyeonekana kwanza akiwa mtoto na kisha akiwa mtu mzima, sasa ni ndugu wawili, dada na mdogo wake, wakiishi katika shamba moja. Sura zao ni zile zile, ila majina, tabia na huzuni zao ni nyingine. Kila mama aliyepata kufumua mishono ya suruali ya mtoto mkubwa ili kumshonea mdogo ataielewa kazi hiyo.

Wazo lililoyashika yote hayo pamoja lilitoka kwa Yoshiaki Koizumi. Yeye alikuwa akifikiria mchezo mwingine wenye dunia ndogo na muda mfupi, ambao mtu angeucheza tena na tena. Wazo hilo likaletwa huku. Mwanzoni walikusudia muda uwe juma zima, na baadaye wakaupunguza ukawa siku 3.

DUNIA ISIYOMNGOJA MTU

Majora's Mask, yaani Kinyago cha Majora, ulitoka Japani mwezi wa Aprili 2000. Link amerudia utoto wake, naye anazunguka msituni kumtafuta rafiki aliyeagana naye. Huko anaibiwa farasi na filimbi yake na kiumbe aitwaye Skull Kid, aliyevaa kinyago chenye uchawi. Akimfuata, anajikuta katika nchi ngeni ya Termina, na katikati yake upo mji wenye mnara wa saa. Wenyeji wanajiandaa kwa sherehe kubwa itakayofanyika baada ya siku 3. Lakini juu ya mji mwezi wa angani, wenye uso wa hasira, unazidi kusogea, na siku ya sherehe ndiyo siku utakayoanguka na kuteketeza kila kilicho hai.

Siku hizo 3 za mchezo ni kama dakika 54 za saa ya ukutani. Zikikaribia kwisha, Link hupiga wimbo kwa filimbi yake na kurudi asubuhi ya siku ya kwanza. Vinyago na zana kubwa alizopata hubaki naye, bali fedha, mishale na mabomu humpotea. Iko benki mjini humo ambako mhudumu humpiga mteja muhuri mkononi ili amtambue siku nyingine, na fedha iliyowekwa hapo haipotei hata wakati ukirudi nyuma. Mchezaji mwenye busara hupitia benki kwanza, ndipo apige wimbo wake.

Hapa ndipo mdogo anapoachana na kaka yake. Katika Ocarina of Time nchi iko hatarini, lakini inamngoja shujaa. Link aweza kushinda ziwani akivua samaki, na Ganondorf atakuwa pale pale alipomwacha. Katika Majora's Mask hakuna anayemngoja. Tarishi hupita kwa saa zake, wachuuzi hufungua na kufunga, na usiku wa kwanza bibi kizee mmoja hunyang'anywa mzigo wake na mwizi. Link aweza kumwokoa bibi huyo akiwahi. Lakini mzigo ulioibwa ni uzi mmoja katika kisa kingine, na akimwokoa kizee, kuna wachumba wawili ambao hawataweza kukutanishwa katika siku hizo 3. Hapana njia ya kumsaidia kila mtu kwa mara moja. Mchezo wa kwanza haukupata kumuuliza mchezaji swali zito namna hiyo.

WACHUMBA WAWILI

Kisa cha wachumba hao ndicho kinachokumbukwa na wengi. Anju, yule mtunzaji wa nyumba ya wageni, alitarajia kufunga ndoa siku ya sherehe. Mchumba wake Kafei, mtoto wa mkuu wa mji, ametoweka, na watu wananong'ona. Ukweli ni kwamba Kafei amerogwa akawa mtoto mdogo, kisha mwizi akamwibia kinyago cha harusi. Anajificha kwa aibu, akiapa kwamba hatajionyesha kwa Anju mpaka akipate.

Link huwa mshenga wao. Hupeleka barua, hurudisha kidani kuwa ishara ya ahadi, na jioni ya siku ya tatu huandamana na Kafei mpaka maficho ya mwizi. Wakati huo jamaa za Anju wamekwisha kukimbilia shambani, naye peke yake amebaki chumbani, amekaa na vazi lake la harusi, ilhali ardhi inatetemeka na mwezi umejaza dirisha. Yote yakienda sawa, Kafei huwasili zikiwa zimebaki dakika chache tu, nao wawili huamua kuungojea mwisho wakiwa pamoja.

Kisha Link hana budi kupiga wimbo. Asubuhi ya siku ya kwanza Anju yupo tena mahali pake pa kazi, macho yake mlangoni, hajui kwamba aliyemngoja alikuja. Kinyago walichomkabidhi Link siku ya kuoana kwao bado kimo mfukoni mwake, wala hakuna mwingine mjini mwenye kumbukumbu ya jambo hilo. Maji yaliyomwagika yamezoleka, lakini na furaha iliyopatikana imezoleka pamoja nayo.

Vinyago vyote ni 24, na baadhi yake vimebeba roho za watu waliokufa kabla ya kutimiza wajibu wao. Link akivaa kinyago cha mwanamuziki aliyefia ufukoni, wenzake humpokea wakidhani mwenzao amerudi. Mchezaji anajua asilolijua yeyote kati yao, naye hana budi kuendelea na wimbo.

KASORO ZAKE

Haifai kuficha kasoro za mdogo huyu. Mahekalu yake makubwa ni 4 tu, na hesabu hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kaka. Anayependa kutembea ovyo na kutazama mandhari hukerwa na saa isiyonyamaza, ingawa uko wimbo wa kupunguza mwendo wake. Mara nyingine mtu hukosea hatua moja katika kisa cha wachumba, ikambidi akianze chote upya. Tena mchezo haukuchezeka bila kipande cha ziada cha kuongeza kumbukumbu ya mashine, na hiyo ikawa gharama nyingine kwa nyumba ambayo haikuwa nacho. Ulifika Marekani mwezi wa Oktoba 2000, wiki ile ile ambayo mashine mpya ya PlayStation 2 ilianza kuuzwa huko. Nakala zilizouzwa zilizidi kidogo milioni 3, yaani chini ya nusu ya zile za mchezo wa kwanza.

Kwa hiyo wapo waliosema kwamba kaka alimzidi mdogo. Kwa kipimo cha mauzo ni kweli. Kwa kipimo cha ukubwa wa nchi na wingi wa mahekalu ni kweli pia. Lakini miaka imepita na mdogo hakusahauliwa. Ocarina of Time ulitolewa upya mwaka 2011 kwa ajili ya mashine ya mkononi ya Nintendo 3DS, na mwaka 2015 mdogo naye akapewa heshima ile ile.

KIPIMO CHA HAKI

Kijana ambaye hajauonja hata mmoja na aanze na Ocarina of Time. Humo atajifunza kutembea, kupigana na kufumbua mafumbo, na atapata kisa kilichonyooka chenye mwanzo na mwisho. Akiukamilisha, ndipo aingie Majora's Mask, kwani huko atakutana na watu wenye sura anazozijua na kushangaa kwamba hawamjui. Mshangao huo hauwezi kumpata aliyeanzia huko.

Kwa mzazi upo unafuu mmoja. Siku zile 3, maadamu mwendo wa saa haukupunguzwa, huisha chini ya saa moja. Mtoto akiambiwa acheze siku 3 kisha azime na kwenda kuoga, amri hiyo ina kikomo anachokijua mwenyewe, wala hapatakuwa na ugomvi.

Na mtoto huyo akiwa ndiye wa pili katika nyumba, mwenye kaka anayetajwa kila matokeo ya shule yanapoletwa, mzazi aketi naye dakika chache atazame. Aonuma hakushinda kwa kujenga Hyrule kubwa zaidi. Alipewa kabati lile lile na muda mfupi zaidi, naye akashona kitu ambacho kaka hakupata kukivaa. Shati la kurithi halimdhuru mtoto. Linalomdhuru ni kuambiwa kila siku kwamba kaka yake lilimkaa vizuri zaidi.