Samaki wa Somanga hupanda gari, maji yake hubaki

KUTOKA UPWANI
Na Salima Nangunde

Basi la Lindi likisimama Somanga, abiria hugawanyika. Wapo wanaoshuka kununua samaki wa kukaanga, na wapo wanaoshuka kuchimba dawa. Wiki iliyopita nilikuwa katika makundi yote mawili, kwa hiyo msomaji asidhani nimekaa pembeni nawasema wenzangu. Choo cha kulipia kilikuwa na foleni, dereva anapiga honi, nikafanya wafanyavyo wengi: nikafuata kijia kinachopita nyuma ya vibanda.

Kijia kile kinaishia kwenye korongo. Kwa sasa ni kavu, lakini ndani yake mna kila anachokiacha msafiri: chupa za maji, nepi, vifungashio vya biskuti, na mengine ninayoona haya kuyataja gazetini. Nikasimama kutazama linakoelekea. Linateremka moja kwa moja hadi kwenye mikoko.

Nikarudi barabarani, nikanunua changu wawili kwa mama mmoja mwenye karai kubwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Chukua hawa, wa alfajiri ya leo.”

“Huko wanakotoka maji ni masafi?”

Akacheka mpaka wenzake wakageuka. “Bahari haikai na uchafu, mwanangu. Maji yakipwa yanaondoka nao, yakijaa yanakuja mengine. Na chumvi yote ile!”

Nililitafuna jibu hilo pamoja na samaki wake mpaka Nyamwage, na nakiri kwamba mama yule anajua bahari. Siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa katika pwani yetu hupita meta tatu. Mkondo wa Afrika Mashariki nao hukimbia kuelekea kaskazini mwaka mzima, kusi au kaskazi. Hata chumvi ameisema sawa: chumvi na jua la mchana huviua upesi vingi vya vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi. Ndiyo maana wapimaji wa maji ya bahari hawategemei vile vinavyotafutwa kwenye maji ya kisima. Hutafuta jamii iitwayo enterokoki, ambayo huvumilia chumvi kwa muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani huyapanga maji ya kuogea kwa hesabu hiyo: yasiyozidi enterokoki 40 katika mililita 100 yako daraja la kwanza, na yanayopita 500 yako daraja la mwisho, ambako zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi anayeoga mara moja tu anaweza kuugua tumbo.

Shida ni kwamba bahari haijisafishi sawasawa kila mahali. Kule nje, mkondo unachukua. Huku ndani, kwenye mahori ya mikoko, siku za maji mafu maji husogea kidogo na kurudi palepale. Na ni hukuhuku wanakosimama akina mama wanaotanda uduvi, maji kiunoni, kwa saa nzima na zaidi. Huku ndiko wanakookotwa chaza, mnyama anayekula kwa kuyachuja maji, makumi ya lita kwa siku, na kubaki na kilichokuwemo. Changu niliowala huenda walivuliwa mbali. Chaza hahami.

Wanaopima wanasemaje kuhusu mahori ya Somanga? Nilipokuwa nasubiri basi niliwauliza wavuvi watatu waliokuwa wakipanga samaki kwenye deli kama wamewahi kumwona mtu akichota maji ya bahari ili ayapime. Wawili walinitazama kama nimepigwa na jua. Wa tatu alikumbuka vijana wa chuo waliokuja na vichupa, wakachota, wakaondoka. Majibu? “Labda waliyanywa,” akasema.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga, Somanga ilijulikana nchi nzima. Barabara ya kusini ilikatika, magari yakapanga foleni huku na huku, na waziri wa ujenzi akaweka kambi mpaka njia ikapitika. Tulihesabu madaraja, abiria waliokwama na malori ya mizigo. Nisichokumbuka ni mtu aliyeuliza udongo uliokuwa chini ya barabara ile umekwenda wapi. Ulikwenda baharini, pamoja na udongo wa mashamba, wa kingo za mito na wa kila mteremko uliofyekwa kwa mkaa. Tukisikia “uchafuzi wa bahari” tunafikiria mafuta meusi na mifuko ya plastiki. Mifuko ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kwa kweli ufukweni imepungua. Tope hakuna anayelipiga marufuku, ingawa kwa pwani hii nadhani ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote.

Mfuate nguva uone. Watafiti waliomtafuta mnyama huyu katika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta waliobaki wako zaidi huku kwetu, kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na Somanga ni miongoni mwa majina yaliyojirudia, kwa bahati mbaya mara nyingi kwa sababu ya nguva kunasa kwenye majarife. Nguva anakula majani ya bahari. Majani hayo ni mmea kamili, yana mizizi na yanataka jua. Maji yakiwa na tope wiki nyingi, jua halifiki chini, majani yanakufa, na nguva anakwenda kwingine au hana pa kwenda. Katika majani hayohayo hukulia tasi na kamba wadogo. Kwa hiyo mvuvi asiyejali nguva ana sababu yake ya kulijali tope.

Mikoko ndiyo iliyokuwa ikilizuia. Kaskazini yetu kuna delta ya Rufiji, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, na tangu 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa limeandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mizizi ya mikoko hupunguza kasi ya maji, tope likatuama kabla ya kufika kwenye matumbawe. Ukikata mikoko kwa boriti na kuni, umeng'oa chujio halafu unalalamika chai ina majani.

Kwa sababu hakuna hesabu kijijini, tunanyoosheana vidole. Mvuvi anasema samaki wamepungua kwa sababu ya bomba la gesi linalotoka Songo Songo na kupanda nchi kavu hapahapa Somanga, tangu 2004. Mkulima wa ufuta anamlaumu mfugaji. Mfugaji, ambaye baada ya operesheni ya 2006 ya kuondoa mifugo Usangu na Ihefu aliambiwa aende kusini, anauliza kwani yeye ndiye aliyejipa njia. Mwenye mikorosho anapulizia dawa za ubwiriunga na wadudu, mvua inakuja, na hakuna anayejua kiasi kinachofika mtoni.

Mimi binafsi siamini habari ya bomba. Gesi ya Songo Songo ni kavu, karibu yote ni methani, haiachi utando mweusi ufukweni kama mafuta ghafi. Lakini imani yangu ina uzito gani mbele ya mvuvi mwenye wavu mtupu? Hakuna aliyenipa kipimo cha maji ya Somanga cha kabla ya bomba na cha baada yake nikakiweka mezani pake. Na kesho mtu akimwaga kitu kweli, mvuvi naye hatakuwa na kipimo cha kumshika nacho. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kupima ni kazi ya wasomi wenye mradi. Kipimo ni risiti, na biashara ya bahari tunaifanya bila risiti.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imetupa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lenye meno na imetaka kila kijiji kiwe na kamati ya mazingira. Kanuni za 2007 zimeweka viwango vya maji taka yanayoruhusiwa kutoka kiwandani. Kimataifa, Tanzania imo katika Mkataba wa Nairobi wa 1985, na mwaka 2010 nchi za mkataba huo zilipitisha itifaki mahususi ya kuikinga bahari na uchafu unaotoka nchi kavu. Ila viwango hivyo vinamjua mwenye bomba la kumwagia. Somanga hakuna bomba la maji taka. Kuna korongo, na mwenye korongo ni mimi, wewe, ng'ombe, basi na mvua.

Kinachohitajika si kikubwa. Mwaka 1865 padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, alishusha baharini sahani nyeupe iliyofungwa kamba, akapima kina ambacho sahani ilipotea machoni. Mpaka leo wanasayansi wa bahari wanaitumia. Sahani, kamba yenye mafundo na daftari: hiyo ni kazi ambayo BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi, inaweza kuifanya kila mwezi, mara moja bamvua na mara moja maji mafu, saa ileile ya maji, mahali palepale. Hakuna anayejua saa za maji kuliko hao. Baada ya miaka miwili tutakuwa tunajua tope linakuja lini na linakaa muda gani. Sasa tunakisia.

Vijidudu vinataka maabara, na hapa huja kisingizio cha umbali. Chupa ya kuchotea iwe imechemshwa, iwekwe kwenye baridi bila kugandishwa, ifike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana, na isipite saa 24. Nikiyasoma masharti hayo nacheka, kwa maana ndiyo masharti ya samaki! Kila siku samaki wa Somanga hukandamizwa na barafu kwenye deli, hupakiwa alfajiri, na kabla jua halijakaza wameshafika Dar es Salaam, mji wenye maabara za Serikali na za chuo kikuu. Ng'ambo, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, iliyoanzishwa 1978, imekwishapima maji machafu yanayoingia baharini mbele ya Mji Mkongwe. Ujuzi tunao nyumbani.

Fedha ya kulipia kipimo itoke kwenye ushuru wa samaki. Halmashauri ya Kilwa hukusanya ushuru kwa kila kilo inayopita, na si dhambi sehemu ndogo ikarudi kuangalia kilo hizo zinatoka kwenye maji gani. Ianze na vituo vinne: mdomo wa korongo la stendi, hori wanakotanda akina mama, mwalo, na sehemu moja ya mbali ya kulinganishia. Halafu majibu yabandikwe mwaloni, kwa Kiswahili, karibu na bei za mnada.

Na isingoje. Kilwa Masoko inajengewa bandari ya uvuvi ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023. Meli zitaongezeka, viwanda vya samaki vitafuata, na Lindi bado inausubiri mradi wa gesi ya kusindikwa. Mimi nautaka ujenzi huo. Kipimo cha kabla, hata hivyo, huchukuliwa kabla. Kikishapita hakuna fedha ya kukinunua.

Kuhusu choo cha stendi, madiwani hawahitaji maabara. Foleni ile inaonekana kwa macho. Nimezoea kusikia kwamba watu wa pwani ni wachafu kwa mila, wakati katika mahame ya Kilwa na Gede wachimbaji wamekuta nyumba za mawe zenye vyoo ndani, za karne nyingi zilizopita. Ongezeni matundu, na basi lingoje.

Ombi langu la mwisho ni kwa mwenye gari la samaki anayeisoma safu hii. Kama yuko tayari kubeba chupa nne mara moja kwa mwezi bila kudai nauli, apite ofisi ya kijiji aandikishe jina.