Mzee wa Miaka 22

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waliyemsahau ni mtoto wa nyumbani anayerudi akiwa kama mgeni. Huyo hapewi hata hizo siku mbili. Kaka yangu tulimpa jembe jioni ile ile aliyoshuka kwenye basi, na tangu hapo hatujamwacha apumue.

Kaka alikuwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi huwaita Wamormoni, lakini tangu mwaka 2018 viongozi wao wameomba jina kamili litumike, na kaka hulitaja lote, hata ndani ya matatu iliyojaa pomoni huku makanga akidai nauli. Alijiunga nalo alipokuwa akiishi kwa mjomba Nairobi. Sisi wengine nyumbani hatumo. Mnamo Januari 2023, akiwa na miaka 20, alitumwa Tanzania, akahudumu Dar es Salaam na baadaye Arusha, akarudi Januari 2025. Wavulana wao huenda miaka 2, wasichana miezi 18. Hawalipwi mshahara. Wao wenyewe na jamaa zao ndio huchanga, na wasiojiweza husaidiwa na kanisa. Hilo la mshahara uliweke akilini, nitalirudia.

Vituko vilianza na jina. Katika kanisa hilo mmisionari wa kiume huitwa Mzee, kisha jina la ukoo, hata kama ndevu bado hazijamwota. Nyumbani kwetu, kama kwenu bila shaka, mzee ni mmoja tu, naye ni baba. Wiki ya kwanza simu ikalia, sauti nzuri ya Kitanzania ikaomba kuongea na Mzee. Mama akampelekea baba. Baba akasalimiwa kwa heshima zote, akafurahi. Kisha akaulizwa, "Mzee, unaendeleaje na maandiko?" Baba akajibu kwa huzuni, "Maandiko ya shamba bado yako kwa wakili, ndugu yangu, hata sijui yatatoka lini." Waliongea karibu dakika kumi kabla mmoja wao hajashtuka. Ilibidi kaka atoke nje aende kucheka nyuma ya zizi.

Halafu kuna hili la kutembea wawili wawili. Kwa miaka 2 mmisionari hatembei peke yake. Huwa na mwenzi wake, na hawatakiwi kupoteana machoni. Basi kaka alikuwa akitumwa dukani anasimama mlangoni akingoja. Mama akiuliza anangoja nini, anasema, "Namngoja mwenzangu." Mwenzake nikawa mimi. Nimesindikizwa, wallahi, nimesindikiza, mpaka kinyozi akaniuliza kama kaka yangu haoni vizuri.

Na Kiswahili chake! Wanachama wa Chama cha Kiswahili mngempenda. Aliondoka hapa akisema "ako wapi" na "nipe hiyo kitu" kama sisi sote wa Eldoret. Amerudi anasema "yuko wapi" na "naomba hicho kitu, tafadhali". Siku moja alimwamkia mama mboga wa Langas "Shikamoo", akaongeza "Naomba sukuma ya shilingi ishirini." Mama wa watu akamtazama kwa shaka, akasema, "Kijana, kama ni mkopo sema tu, leo sikopeshi." Nyumbani tulicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kuliko wote, ingawa ndiye huyo huyo anayenisahihishia insha.

Sitaki mfikiri kaka ni malaika. Ana makosa yake. Alituita sote "ndugu" na "dada", hata mama. Alijivunia kuamka saa kumi na mbili unusu asubuhi kama alivyozoezwa, akitamka jambo hilo kama mtu aliyepanda Mlima Kenya. Sisi wa shule ya kutwa saa hiyo tuko njiani kitambo, na mama ameshakamua ng'ombe wote. Hilo la kuamka alilipata mwenyewe, na hatukumwonea.

Kaka aliniambia kuwa Wamarekani, ambako kanisa hilo lilianzia, wametengeneza hata filamu ya vichekesho kuhusu watu kama yeye. Inaitwa The R.M., ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Kurt Hale. Mle kijana anarudi nyumbani na kukuta msichana aliyeahidi kumngoja amechumbiwa na mwingine. Nikamuuliza kama naye ana msichana wa aina hiyo. Akabadilisha mazungumzo upesi sana, akaanza kuuliza habari za mahindi.

Sasa nije kwenye maoni yangu, maana mhariri aliniomba maoni, wala hakuniomba umbeya wa nyumbani. Naona sisi tunaobaki hatujui kupokea mtu. Tunajua kupokea vitu. Hapa Eldoret tuna mazoea ya miaka mingi ya kupokea wanaorudi. Mwanariadha akishuka na medali, watu humngoja kwenye uwanja wa ndege na kibuyu cha mursik, ngoma na vigelegele. Vizuri, anastahili. Hata anayetoka masomoni Marekani au kazini Ghuba hupokewa kwa picha na mbuzi. Lakini hebu fikiria mtu anayeshuka kwenye basi la usiku na begi moja lenye mashati meupe yaliyochakaa kola. Swali la kwanza aliloulizwa kaka na mjomba, hata kabla ya kuketi, lilikuwa, "Sasa umetuletea nini?" Hakuwa na cha kujibu. Wenzake aliomaliza nao shule, mmoja ana bodaboda mbili, mwingine karibu anakuwa mwalimu. Yeye ana miaka 2 ambayo hapa kwetu haihesabiki popote.

Wapo wenzangu darasani wanaosema aliyejitakia asilie. Ni kweli alijitakia. Lakini mimi sijamsikia akilia, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Tulipocheka naye alicheka. Ila nimemwona mara nyingi akipapasa mfuko wa shati, pale kilipokuwa kile kibandiko cheusi chenye jina lake na la kanisa. Kazi ikiisha mmisionari hukivua. Anapapasa, hakipati, anashusha mkono. Hapo hakuna mwenzi wa kumsaidia.

Mambo yaliyompita ni mengi. Aliondoka Eldoret ikiwa mji, akarudi ikiwa jiji, kwa kuwa hati ya jiji ilitolewa tarehe 15 Agosti 2024. Alipomuuliza baba ni nini kimebadilika, baba alimjibu kuwa vumbi ni lile lile, ila sasa ni vumbi la jiji. Oktoba 2023 Kelvin Kiptum alikimbia Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, na Februari 2024 akafa katika ajali kwenye barabara ya kwenda Kaptagat. Sisi tulishangilia tukaja tukalia, yeye akasimuliwa tu. Wamisionari huruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki tangu mwaka 2019, na zamani ilikuwa mara chache tu kwa mwaka. Lakini simu ya Jumatatu haiwezi kubeba kila kitu.

Haikuweza kumbeba nyanya. Nyanya yetu alifariki mwaka 2024 kaka akiwa Arusha. Kwa kawaida mmisionari hukaa huko mpaka muda wake uishe, naye hakuja mazishini. Wajomba hawajasahau. Na nyanya ndiye aliyekuwa na kishamba cha majani chai kule Nandi Hills, na hayo majani ndiyo yaliyomlipia kaka karo kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Sasa ongeza na hili: kanisa la kaka halinywi chai. Wala chai wala kahawa. Basi mjomba mmoja akatamka mbele ya watu kuwa huyu kijana alikula chai ya mama yetu miaka minne, leo anaikataa kikombeni. Kila mtu alicheka. Mimi pia nilicheka, na leo najuta.

Ikawa mwezi mzima hataki kwenda Nandi Hills. Kisha Jumamosi moja akasimama mlangoni kama kawaida yake. Mama hakumuuliza anangoja nini. Nilivaa viatu.

Tulikaa kaburini nusu saa hivi. Alivuta magugu, hakuhubiri, wala hakuniita ndugu. Tulipoingia kwa shangazi, thermosi ilikuwa mezani tayari na wajomba wawili walikuwa wameketi wakitazama, sura zao kama za watu wanaongoja mpira uanze. Shangazi akamimina chai vikombe vitatu. Alipofika cha nne, alisita, akaingia jikoni, akarudi na sufuria ya maziwa yanayofuka moshi. Akasema, "Haya ni ya ng'ombe wa mama. Hayana dini."

Kaka alikunywa hadi mwisho. Halafu akanyoosha kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Shangazi, naomba kingine, tafadhali."

"Naomba, naomba!" shangazi akafoka huku akimimina. "Nani huomba kwao? Wewe leta kikombe!"