Wenye Misumeno ya Moto Waitwe Hadharani

Huko Marekani na Ulaya wapo wapenzi wa misumeno ya moto ambao hukusanyika nayo uwanjani. Huiwasha, hukata magogo, hutengenezeana iliyoharibika, na kila mmoja hupima wake kwa wa mwenziwe. Yamkini wengine tutauona huo kuwa ni mchezo wa wenye nafasi. La hasha, ndani yake mna elimu.

Mnyororo mkali hutoa vipande. Ulio butu hutoa vumbi, hula petroli na kumchosha mkataji. Ncha ya msumeno ikigota kwenye gogo, msumeno humrukia aliyeushika. Breki ya mnyororo ndiyo humwokoa, ikiwa nzima. Haya hufunzwa kwa kuonyeshana.

Hapa Visiwani msumeno huu hutajwa zaidi kwa ubaya, kwa miti iliyoangushwa pasi na ruhusa. Tunayo Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, na ni haki Jozani na Ngezi zilindwe. Lakini msako peke yake humsukuma mkataji gizani, na gizani hapana wa kumfunza wala wa kumhesabu.

Basi wenye dhamana ya misitu, wakishirikiana na masheha, wawaite wenye misumeno hadharani: wanoe, watengeneze, waandikishwe, wajue mti upi haukatwi. Wito huo usiwe mtego, maana mtego hunasa mara moja tu. Atakayekuja atajulikana, na asiyekuja, naye atajulikana.