Kipande Kimehama Shingo

Ndugu wafanyakazi wa Thika na Ruiru,

Tumesikia wenzetu langoni mwa viwanda wakisema kuwa Msomali akikamatwa si habari ya chama. Chama ni mshahara tu, wasema. Sisi twakataa.

Wazee wetu wa mashamba ya kahawa walikijua kipande. Sheria iliyotungwa 1915, ikadumu hata 1947, ilimfunga mwanamume Mwafrika peke yake: kibweta cha bati shingoni, na bila sahihi ya bwana haachi kazi. Mzungu hakuvaa. Harry Thuku wa Kambui alipinga kipande, akapinga na wasichana kulazimishwa kuchuma kahawa. Alikamatwa 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu waliokwenda kumdai Nairobi walipigwa risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Thuku akahamishwa Kismayu bila kesi. Kismayu, ndugu, kwa Wasomali hao hao!

Akaja Makhan Singh, Mhindi, aliyejenga vyama vya wafanyakazi bila kuuliza rangi. Aliporudi kutoka Bara Hindi 1947 serikali ilimwamuru aondoke nchini. Hakuondoka. Iliposhindwa kumfukuza ikamkamata Mei 1950 pamoja na Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakaweka zana chini. Hawakusema Mhindi si wetu. Alifungiwa miaka 11, hata 1961.

Sasa tazameni Aprili 2014. Katika msako wa Usalama Watch maelfu walikamatwa, wengi Wasomali, wengine wakiwa na vitambulisho vya Kenya. Walizuiliwa uwanja wa Kasarani, kando ya barabara yetu hii ya Thika ambapo matatu zetu hupita kila asubuhi. Mamia walipakiwa ndegeni kwenda Mogadishu. Mashambulio yalikuwapo, na damu ilimwagika, hatukanushi. Lakini mwenye bomu na akamatwe kwa bomu lake, si kwa pua yake. Na sisi ndani ya matatu tulichungulia dirishani, tukashuka kazini.

Katika mkutano wa tawi tutaleta azimio moja: mfanyakazi yeyote akichukuliwa kwa sura au jina lake, awe mwanachama asiwe, tawi lipeleke watu wawili kituoni siku ile ile, na nauli itoke katika mfuko wa chama. Anayepinga aje asimame, aseme mbele ya wote.