Mdogo Ndiye Huamkia



Kila mwaka, Desemba inapokaribia, mabasi yaendayo Kilimanjaro hujaa watu na mizigo. Wachagga waishio Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi nyumbani kula Noeli na wazazi, na wenzao huwatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Ni utani mzuri. Lakini sisi tunaozitembelea familia tunajua kwamba katika nyumba nyingi hesabu hiyo haitimii. Kuna kaka mkubwa ambaye haji tena. Kuna dada mkubwa ambaye akija hulala kwa jirani. Wadogo wamezoea kutomtaja, na watoto wao wamekua bila kujua kwamba wana baba mkubwa au mama mkubwa aliye hai.

Wiki hii tungependa kusema jambo moja ambalo huenda baadhi yenu hamtalikubali. Ndugu wawili wanapokuwa wametengana, mdogo ndiye aanze safari ya kurudiana, hata akiamini kwamba haki i upande wake. Tena asingoje msiba.

Hatulisemi hili kutoka vitabuni tu. Sisi tunaoandika tulikaa miaka 17 bila kusemezana na kaka yetu mkubwa, na kosa lilikuwa letu kuliko lake.

Kaka alitutangulia kwa miaka 14. Tulipokuwa seminari ndogo, alikuwa utingo wa lori, baadaye dereva, na karo yetu ilitoka katika ujira wake. Nyumba ya matofali waliyozeekea wazazi wetu aliijenga yeye. Baba alipofariki mwaka 1998 ukoo ulikutana kugawa mali. Kwa desturi ya Wachagga walio wengi, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki katika kihamba cha wazazi, na mtoto huyo tulikuwa sisi. Kaka hakuipinga mila. Aliomba tu mwanawe aruhusiwe kuishi katika nyumba ile, kwa kuwa padre hana mke wala watoto. Nasi, tukiwa na miaka kumi ya upadre na kiburi kisichopungua miaka hiyo, tulisema mbele ya wazee kwamba aliyekwenda mjini alikwisha kuchagua mji.

Alikwenda mjini ili sisi tusome. Kila aliyekuwa pale alijua hivyo. Kaka alisimama, akachukua kofia yake, akaondoka. Nyumba tuliipangisha kwa mtu baki. Yeye alihamia Ifakara, katika bonde la Kilombero, akalima mpunga. Mwaka 2013 tulipoadhimisha jubilei ya miaka 25 ya upadre, kanisa lilijaa, maaskofu wawili walikuwapo, na kiti cha kaka mkubwa alikikalia binamu.

Mtu aweza kuuliza: je, padre huyu alikuwa akiadhimisha Misa miaka yote hiyo? Ndiyo, alikuwa akiadhimisha. Kila siku tulisimama altareni, ingawa Bwana wetu, katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo, anaagiza kwamba anayekumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake aiache kwanza sadaka yake na kwenda kupatana naye. Angalieni vizuri agizo hilo. Halimhusu yule mwenye kinyongo tu. Linamhusu yule ambaye ndugu yake ndiye mwenye kinyongo juu yake. Sisi tulikuwa tumelisoma kwa namna inayotufaa: tulijiambia kwamba hatuna chuki na mtu, basi mioyo yetu ni safi. Kutokuwa na chuki ni rahisi kwa aliyebaki na nyumba.

Tuliyefanana naye ni Yakobo. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba alizaliwa mkono wake ukiwa umeshika kisigino cha kaka yake Esau. Baadaye alipata haki ya mzaliwa wa kwanza kwa mlo wa dengu, na baraka ya baba kwa udanganyifu, kisha akakimbia na kukaa kwa mjomba wake Labani miaka 20. Aliporudi hakungoja kutafutwa. Alituma wajumbe mbele, akatanguliza zawadi ya mifugo zaidi ya 500, na alipomwona Esau akija na watu 400 alikwenda mbele yake akichechemea, akainama hadi nchi mara saba. Esau alimkimbilia, akamkumbatia, na wote wawili wakalia.

Sisi Waswahili twaweza kulielewa hilo kwa urahisi kuliko mataifa mengine. Wengi hueleza kwamba neno shikamoo lina maana ya kushika miguu. Yule aliyezaliwa akishika kisigino cha kaka yake ili ampite, mwishoni aliiendea miguu ile ile ili aombe amani. Na lugha yetu imekwisha kuamua nani aanze: mdogo ndiye huamkia, mkubwa huitikia. Mkubwa hawezi kutoa marahaba kabla hajapewa shikamoo. Ndiyo maana kaka wengi wamenyamaza miaka mingi, nasi tukadhani wamekuwa wagumu wa moyo. Pengine wanangoja kuamkiwa.

Tulisafiri Septemba 2015. Kabla ya safari tulikwenda kaburini kwa baba, tukakata jani la isale, ambalo kwetu mtu hulipeleka anapoomba msamaha, nasi tukalifunga katika gazeti. Tulifika Morogoro, tukapita Mikumi, na kutoka Kidatu ilikuwa vumbi hadi Ifakara. Njiani tulitunga hotuba. Tulipanga kueleza mila ilivyo, hali ya wakati ule, na mambo mengine mengi ya kututetea.

Tulimkuta amekaa chini ya mwembe. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, hakututambua. Padre huzoea kuamkiwa na watu wazima kuliko yeye, na neno lile lilikuwa zito mdomoni. Tukasema, "Shikamoo, kaka."

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Marahaba, Padre." Alitamka Padre kama amtajavyo mgeni. Tukampa lile jani, lililokuwa limeanza kunyauka. Akalipapasa kwa vidole kutoka shinani hadi nchani, akauliza, "Limetoka mpakani au kaburini?" Masale hupandwa kotekote. Tukamjibu kwamba limetoka kaburini kwa baba. Akaliweka mapajani, akageukia mlangoni na kumwita mkewe: "Mama, leta maji ya kunawa. Mdogo wangu hajala."

Hotuba yetu haikuhitajika siku ile. Ilihitajika kesho yake, na ilikuwa fupi kuliko tulivyoitunga: tulikosa, tulikuvunjia heshima mbele ya ukoo, nyumba ni ya mwanao.

Kutokana na hayo, wapendwa, tunathubutu kutoa mashauri machache.

Kwanza, usianze na kesi. Ukifika na hati na mashahidi, umekwenda barazani, hujaenda kwa ndugu yako. Amkia, kaa, kula kilichopo. Neno la msamaha lina wakati wake, wala usiliache lipite.

Pili, kilichochukuliwa kirudishwe. Yakobo hakwenda mikono mitupu. Alipomsihi Esau apokee zawadi, aliiita baraka yake, yaani kitu kile kile alichokuwa amemwibia. Machozi bila urejesho hukauka mapema. Mkikubaliana juu ya shamba au nyumba, andikeni na mashahidi watie sahihi, ili watoto wenu wasirithi ugomvi. Mkihitaji msuluhishi, wapo wazee wa ukoo, wapo viongozi wa Jumuiya, na lipo Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 limebaki na kazi ya kusuluhisha migogoro ya ardhi, si kuiamua. Mahakama yaweza kumteua msimamizi wa mirathi, lakini haiwezi kumwamuru mtu aitikie marahaba kwa moyo.

Tatu, usidai mengi. Baada ya kukumbatiana, Esau alitaka waongozane. Yakobo alikataa kwa upole, na kila mmoja akashika njia yake, mmoja Seiri, mwingine Sukothi. Kupatana si lazima kuishi ua mmoja. Lakini Isaka alipofariki, Maandiko yasema wanawe hao wawili walimzika pamoja.

Nne, wapo ambao kaka au dada mkubwa aliwatendea ukatili. Hao hatuwatumi barabarani. Mtume Paulo, anapowahimiza Warumi wakae kwa amani na watu wote, anaweka mpaka: kadiri inavyowezekana kwa upande wao. Kumsamehe mtu moyoni na kumsogelea ni mambo mawili. Asiwepo mtu katika Jumuiya atakayemlazimisha aliyeumizwa kurudi kwa aliyemuumiza, kwa kisingizio cha Injili.

Jambo la mwisho latuhusu sote kama parokia. Sisi ni hodari wa misiba. Mtu akifariki asubuhi, jioni kamati imeundwa, michango imeandikwa daftarini, na ndugu wasiosemezana wanakaa turubai moja wakijadili bei ya jeneza. Wanamvika marehemu suti ambayo hawakumnunulia alipokuwa hai. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumezoea kuja na matofali. Kwa nini Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, zinazojua kila ufa wa kila nyumba, zisitumie sehemu ya bidii hiyo kumsindikiza mtu kwa kaka yake angali na masikio ya kusikia?

Kaka yetu alifariki mwaka 2019. Tulipata miaka minne. Si mingi ukiilinganisha na ile 17, na hatutaki kumdanganya mtu kwamba muda uliopotea ulirudi. Haukurudi. Harusi za wanawe zilipita bila sisi. Lakini katika miaka hiyo minne alitibiwa jicho moja, akapanda kuja Kilimanjaro Noeli mbili, akalala katika nyumba aliyoijenga, na mwanawe anaishi humo mpaka leo. Siku ya maziko tulilia kama watu wote. Hatukuwa, hata hivyo, na neno la kumnong'oneza marehemu, kwa kuwa tulikwisha kumwambia akiwa hai, naye alikwisha kutujibu.

Yawezekana wewe unayesoma una namba ya simu ambayo hujaipiga miaka mingi. Wajua ni ya nani. Usitume ujumbe mrefu wala usitafute maneno. Neno lenyewe ni moja, umelijua tangu utotoni, na ni wewe uliye mdogo.

Tunawatakia nyote Dominika njema, na tunaziombea familia zenu. Mtuombee nasi.