MCHEZAJI NI MFANYAKAZI: WAHESHIMIWA WAACHE KUMCHEZEA



Tarehe 22 Agosti 2025 jioni hapakuwa na mtu wa Buruburu aliyekuwa na habari nyingine. Wenye tikiti walikwenda Kasarani, wasio na tikiti wakasimama kwenye milango ya hoteli kando ya Mumias South Road wakitazama televisheni kupitia bega la mtu mwingine. Harambee Stars walikuwa wakicheza na Madagascar katika robo fainali ya CHAN. Mambo yakawa moja kwa moja, zikaja penalti, tukashindwa. Watu wakarudi nyumbani wamenyamaza.

Sisi tunaandika leo juu ya jambo ambalo usiku ule halikuzungumzwa sana. Kabla ya mechi ile Rais William Ruto aliwaahidi wachezaji kwamba wakishinda, kila mmoja atapata shilingi milioni moja na nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Kwa hiyo mpira ulipokataa kuingia, vijana wetu walipoteza mechi na nyumba kwa pigo moja. Hebu fikirini, ndugu zangu. Yuko fundi gani wa karakana, au mama gani wa kiwanda cha nguo, anayekubali kuambiwa na tajiri wake kwamba atapewa mahali pa kulala ikiwa tu kipa wa upande wa pili ataruka upande usiofaa?

Wako wanachama watakaosema chama cha wafanyakazi kina kazi gani na mpira, tushughulike na mishahara. Ndiyo, tunashughulika na mishahara. CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani peke yake. Vijana wale hawatoki Ulaya. Wengi ni watoto wa mitaa kama hii yetu, waliofundishwa mpira katika viwanja kama Camp Toyoyo pale Jericho, na mashindano yalipokwisha walirudi katika vilabu vyao. Huko ndiko swali letu lilipo. Mchezaji anayeamka alfajiri kwenda mazoezi, anayeamriwa saa ya kufika na saa ya kuondoka, anayevaa nguo aliyopewa yenye jina la mfadhili, asiyeruhusiwa kucheza mahali pengine bila barua, ambaye watu wanalipa kiingilio kumtazama, je, huyu ni mfanyakazi au ni nani?

Wakubwa wa mpira wanalo jibu lao. Wanasema ni "kijana anayekuza kipaji". Fedha anayopewa wanaiita marupurupu, au nauli, au "kitu kidogo cha kumsaidia". Hawasemi mshahara, kwa sababu neno mshahara linakuja na ndugu zake: NSSF, bima ya kuumia kazini, likizo, notisi ya kufukuzwa.

Wazee wetu wanaujua wimbo huu. Makuli wa bandari ya Mombasa waliambiwa hivyo hivyo. Waliitwa vibarua wa siku, maana yake bwana hana deni nao jua likishatua, ingawa walibeba magunia yale yale gatini mwaka baada ya mwaka. Iliwabidi kugoma mwaka 1939, wakagoma tena Januari 1947 pamoja na mji mzima, na hata mwaka 1955 Tom Mboya alipokwenda kuwasemea palikuwa na mgomo. Hakuna mheshimiwa aliyewapa jina la mfanyakazi kama sadaka.

Mimi mwenyewe ninayeandika nilicheza mpira katika timu ya kampuni, zamani za miaka ya 1980. Asubuhi nilikuwa stoo nikihesabu vipuri, saa nane tunaachiliwa kwenda uwanjani. Tulikuwa wachezaji wa kawaida tu, wala msidhani nilikuwa Joe Kadenge. Lakini nilikuwa na namba ya kazi na karatasi ya mshahara kila mwisho wa mwezi, na nilipovunjika kifundo cha mguu nilitibiwa kama mtu aliyeangukiwa na sanduku stoo. Nilipoacha mpira nilibaki na kazi. Siku hizo timu nyingi zilikuwa za namna hiyo, za pombe, za nguo, za bandari, za posta. Nyingi zimekufa. Nyingine zilikufa pamoja na kampuni zenyewe, nyingine zilikatwa na mameneja waliokuja kupunguza gharama, na mpira ukaachiwa wafadhili wa kupita.

Sasa yuko kijana wa jirani yangu, hapa hapa Buruburu, naye alicheza misimu miwili katika klabu ambayo sitaitaja. Goti lake likakatika mazoezini. Klabu ikampa nauli ya kwenda hospitali, wiki ya pili simu ikawa haishikwi. Mama yake, ambaye ni mwanachama wetu, aliniletea karatasi zote za mwanawe katika bahasha ya kaki. Zilikuwa tatu. Kadi ya usajili, picha ya timu, na maandishi ya simu ya fedha alizotumiwa, mara elfu tano, mara elfu tatu, kutoka namba ya mtu binafsi. Mapatano hayakuwamo. Nilimwuliza, "Mama, alitia sahihi mahali popote?" Akasema, "Alitia sahihi mpira, watoto waliuomba."

Na sheria inasemaje? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema kazi inayofika miezi mitatu lazima iwe na mapatano ya maandishi, na ni wajibu wa tajiri kuyaandika. Tena mkifika kortini, naye hana maandishi, ni juu yake kuthibitisha, si juu yako. Kibarua wa siku akiendelea kazini mfululizo hata mwezi kutimia, sheria hiyo inambadilisha asiwe kibarua tena. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa anayepiga mpira".

Lakini tazameni kinyume hiki, maana kinachekesha na kinaudhi. Wachezaji walio na mshahara wa hakika katika nchi hii ni wale walioandikwa kazi na Serikali yenyewe. Mchezaji wa Ulinzi Stars ni askari wa jeshi. Wakimbiaji wetu wengi wakubwa wameandikwa Polisi, Magereza au Jeshi, nao mwisho wa mwezi ukifika wanalipwa, washinde wasishinde. Basi Serikali inajua vizuri kabisa kwamba kukimbia na kucheza ni kazi. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 24, inaruhusu askari wa Jeshi na Polisi wanyimwe haki za kifungu cha 41. Kwa hiyo mwenye karatasi ya mshahara anaweza kuzuiwa kuwa na chama, na anayeruhusiwa kuwa na chama hana karatasi ya mshahara.

Wanasiasa wako wapi katika jambo hili? Wako kila mahali, ila pale wanapotakiwa. Mwaka 1980 Serikali iliamuru vilabu viache majina ya kikabila, Abaluhya wakawa AFC Leopards. Jina likabadilishwa, mshahara haukuulizwa. Mwaka 2015 Shirikisho lilitaka ligi ya timu 18, kampuni ya KPL ikashikilia 16, tukawa kwa muda na ligi mbili nchi moja, kila mmoja ana mawakili wake. Mwaka 2017 timu zikawa 18 kweli, na SuperSport ikavunja mapatano ya televisheni kwa sababu hiyo. Mabwana waliokuwa wakipimana nguvu hawakukosa chakula. Fedha za televisheni zilikuwa ndizo zinazoingia vilabuni, na mchezaji hakuulizwa hata siku moja kama anataka 16 au 18. Mwaka 2019 Serikali ikazifungia leseni kampuni za kamari, SportPesa ikaondoa ufadhili wake, na Gor Mahia na Leopards wakabaki wakitembeza bakuli. Sisi hatuitetei kamari, imewamaliza vijana wengi hapa mtaani. Tunasema tu kwamba waliokaa miezi bila kulipwa ni wachezaji.

Kisha ikaja Novemba 2021. Waziri Amina Mohamed alivunja uongozi wa Shirikisho, akaweka kamati ya jaji mstaafu Aaron Ringera. FIFA ikaifungia Kenya tarehe 24 Februari 2022, ikatufungulia tarehe 28 Novemba mwaka huo. Harambee Stars ikatolewa katika michezo ya kufuzu Kombe la Afrika. Hatusemi fedha za umma zisikaguliwe, la, zikaguliwe hata senti ya mwisho. Lakini katika miezi tisa ile magazeti yalijaa nani ni mwenyekiti halali na nani si halali, wala hatukusikia mheshimiwa akisimama Bungeni kuuliza mchezaji aliyefungiwa mlango wa kazi bila kosa lake atakula nini. Kiwanda kikifungwa kwa ugomvi wa wenye hisa, chama huuliza swali hilo siku ya kwanza.

Na tuongeze hili. Kocha Adel Amrouche alifukuzwa Harambee Stars mwaka 2014. Alikuwa na mapatano mkononi, akayapeleka FIFA, na Shirikisho likaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni mia moja. Wachezaji wa kigeni waliodhulumiwa na vilabu vyetu walifanya vivyo hivyo, na Gor na Leopards wakazuiwa kusajili mpaka walipe. Mkenya aliyecheza bega kwa bega na mgeni yule, akadaiwa miezi ile ile, hana njia hiyo, kwa kuwa mahakama ya FIFA husikiliza ugomvi wa nchi mbili. Yeye huambiwa avumilie, timu ni ya jamii.

Msidhani mambo haya ni ya Kenya tu. Huko Marekani, ambako vyuo vinajaza viwanja vya watu elfu mia, wachezaji wa chuo cha Northwestern walishinda hatua ya kwanza mwaka 2014, ofisa wa Baraza la Kazi akasema ni wafanyakazi. Mwaka 2015 Baraza lenyewe likakataa kuamua. Machi 2024 vijana wa mpira wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kuingia chama, lakini mwisho wa mwaka huo, wakiogopa Baraza la Kazi litakalowekwa na Rais mpya, wakaondoa ombi lao. Tangu katikati ya 2025 vyuo vimeruhusiwa kugawia wachezaji fedha, dola milioni ishirini na kidogo kwa chuo kwa mwaka, na papo hapo wanasiasa wakaleta muswada Bungeni wa kusema wasiitwe wafanyakazi. Yaani fedha wachukue, jina wasichukue. Kwa nini jina linaogopwa hivyo? Kwa sababu fedha anaweza kuipunguza aliyeitoa. Mfanyakazi hukaa mezani.

Jambo hilo linatugusa. Chuo cha Washington State ndicho alichosomea Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 kwa siku 81, akiwa bado mwanafunzi, wala hakulipwa mshahara kwa kazi ile. Tunajua alivyohangaika baadaye Marekani mpaka akafanya vibarua vidogo vidogo, na alivyofariki hapa kwetu Februari 2024. Ligi ya chuo chake, ya Pwani ya Pasifiki, ilivunjika mwaka 2023 wakubwa walipokimbilia fedha za televisheni, vyuo kumi kati ya kumi na viwili vikahama. California ikaingia ligi ya Pwani ya Atlantiki, upande wa pili wa nchi! Washington State ikaachwa na mwenzake mmoja. Nao vijana wetu wanaokimbia kule leo wanafungwa na visa ya mwanafunzi, ambayo haiwaruhusu kuajiriwa ovyo nje ya chuo, hivyo fedha mpya zinapopita, wengi wao huzitazama tu.

Turudi kwetu. Uchaguzi wa 2027 unatembea kuja, na kombe la mheshimiwa litashuka kila uwanja wa Eastlands, jezi zenye picha yake, mbuzi mmoja na mpira mpya. Wachezaji wapokee jezi, nguo ni nguo. Lakini akishuka kwenye gari aulizwe mbele ya watu: Je, uko tayari kusema Bungeni kwamba klabu isiyo na mapatano ya maandishi kwa kila mchezaji isisajiliwe kucheza ligi? Uko tayari fedha ya mfadhili ianze kulipa mishahara na bima kabla ya posho za wakubwa na safari zao? Akijibu kwa kucheka, muandike hivyo hivyo, "alicheka", na mtuletee jina lake tulichape katika toleo litakalofuata.

Wachezaji wenyewe wana chama cha ustawi wao, KEFWA, nacho kimefanya kazi. Lakini sheria ya vyama vya wafanyakazi inasema tajiri lazima akitambue chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoweza kuungana. Timu ina wachezaji thelathini. Kumi na sita wakitia sahihi siku moja, mwenyekiti wa klabu atakuwa na barua mezani asiyoweza kuijibu kwa nauli.

Tawi limekubaliana kufungua mlango Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana. Mchezaji yeyote wa mtaa, wa kiume au wa kike, wa ligi kubwa au ndogo, aje. Alete karatasi yoyote aliyo nayo: kadi ya usajili, barua ya kuitwa mazoezini, maandishi ya M-Pesa, hata karatasi ya hospitali. Ndugu wawili wanaojua sheria ya kazi watakaa kuzisoma bila malipo. Kijana wa goti amesema atakuja, na ile bahasha ya kaki tayari iko ofisini.