Shogi la Pikipiki Litoke kwa Mwenyewe Tu

Afisa ugani apandaye njia za milima ya Uluguru na mbegu za mfano pamoja na vifaa vya kupimia udongo, mhudumu wa afya apelekaye dawa vitongojini, mchuuzi wa vitenge azungukaye minadani, na kijana wa mjini agawaye vifurushi nyumba hata nyumba, wote hawa, ijapokuwa kazi zao ni mbalimbali, hukutana katika dhiki moja: kila washukapo katika pikipiki hawana budi kuchagua baina ya kuuchukua mzigo wote mabegani na kuuacha ubavuni mwa chombo, mbele ya macho na mikono ya kila apitaye.

Kule Lamu, ambako hata leo punda huchukua mchanga na mawe katika vichochoro visivyopitika kwa gari, shogi la miyaa, yaani mfuko wa mizigo wa pande mbili, hukaa mgongoni kwa uzito wake lenyewe, pande mbili zikilingana, wala halihitaji kufuli, kwa kuwa mwenye punda yupo papo hapo na kamba mkononi, na afikapo aendako huliteremsha. Pikipiki haina mchungaji. Huachwa saa nzima nje ya ofisi ya kijiji au chini ya mwembe wa sokoni, ilhali katika mashogi yake ya bati au ya turubai mmewekwa amana ya watu na riziki ya nyumba nzima.

Watu wetu wameijibu dhiki hii kwa namna mbili, nami naona zote mbili zina kasoro. Wa kwanza hufunga sanduku kwa mipira ya tyubu. Na mpira huo, siikanushi sifa yake, hushika sawasawa hata katika njia mbovu na hufunguka upesi, lakini wepesi ule ule umfanyiao mwenyewe humfanyia na mwizi. Wa pili, aghalabu baada ya kuibiwa, humwendea fundi wa kuchomelea akaliunga sanduku na keria yakawa kitu kimoja, kisha akatia kufuli kubwa na kudhani kwamba shauri limekwisha. Huyu wa pili ndiye ninayependa kusema naye zaidi, kwa maana fikira yake ina sura ya busara na wengi wanaifuata.

Kufuli, hata likiwa la thamani namna gani, halina kazi ila kumchelewesha mwizi. Mchana, penye watu wengi, dakika chache za kuchelewa hutosha kumkatisha tamaa, kwa kuwa anaogopa kuonekana. Lakini usiku, nje ya nyumba ya wageni, kufuli lile lile hupewa saa nane za giza pamoja na mtu mwenye bisibisi na subira. Sanduku lililochomelewa, basi, humlazimisha mwenyewe kuiacha mali yake mahali pabaya katika wakati ulio mbaya kuliko wote, au kuitoa kitu kimoja kimoja na kuihamisha kwa mikono, kazi ambayo mtu aliyechoka kwa safari huiahirisha leo, na kesho pia, mpaka siku ya msiba. Kwa hiyo nasema bila kusitasita kwamba wepesi wa kuliondoa shogi ni sehemu ya ulinzi wake, na anayeuona kuwa ni udhaifu amelitazama jambo upande mmoja tu.

Lakini wepesi huo uwe wa nani? Hapo ndipo penye ufundi. Wenye pikipiki kubwa za safari kule Marekani wanaijua kanuni yake siku nyingi: masanduku magumu ya ubavuni ya Harley-Davidson hushikwa na vifungo vilivyomo ndani ya sanduku lenyewe, ambavyo hugeuzwa kwa vidole robo ya mzunguko, na sanduku likatoka zima zima. Asiyeweza kukifungua kifuniko hawezi kuvifikia vifungo hivyo. Na kwa sababu hiyo ufunguo mmoja hulinda vilivyomo na sanduku lenyewe pia.

Wala pasiwe na mtu wa kusema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wenzao wa Kamukunji, Nairobi, wanaokunja bati kutwa wakatoa masanduku ya wanafunzi, wana kila kitu kinachohitajika. Hutengenezwa kwanza fremu ya bomba la chuma, ikafungwa kwenye pikipiki kwa bolti ambazo vichwa vyake vitafunikwa na mgongo wa sanduku likiwa mahali pake, madhali bolti iliyo wazi hufunguliwa kwa spana namba 10, na spana hiyo kila mtu anayo. Mgongoni mwa sanduku hutiwa kulabu mbili za chuma bapa, zilale juu ya bomba na kuuchukua uzito wote. Na upande wa chini huwekwa ulimi unaoingia katika kitundu cha fremu, ili sanduku lisipigepige njiani. Kisha hutobolewa tundu katika mgongo wa sanduku, na bolti yenye masikio ya kushikwa kwa vidole hupitishwa kutoka ndani ikakazwa katika nati iliyochomelewa kwenye fremu. Kifuniko kikisha kufungwa, bolti ile imo gerezani. Mwenyewe afikapo nyumbani hufungua kifuniko, huilegeza kwa vidole, hulinyanyua sanduku na kuingia nalo ndani, bighairi ya spana wala kelele.

Fundi asisahau bawaba. Nimeona masanduku yenye kufuli zuri mbele, na nyuma bawaba iko nje kabisa, msumari wake ukingoja tu kugongwa utoke. Ni afadhali bawaba ikae ndani, au ncha za msumari ziponde-pondwe hata usichomoke. Tumbuu nayo iwe fupi, ikumbatiwe na kufuli pasibaki nafasi ya kupenyeza nondo. Na upande wa ekzosi sanduku liachiwe nafasi ya kupitisha hewa, lisije likaunguza kilichomo.

Mkoba wa turubai una adabu zake mbali. Huo hata ukifungwa kwa minyororo utapasuliwa kwa kisu, na waya wa chuma uliosukwa, wenye pete pande mbili, unaopitishwa katika vishikio vyake na kuzunguka fremu, utazuia mkoba usichukuliwe mzima, basi. Utiwe koti la mvua na chakula; fedha, simu na hati ziwe katika kifuko kidogo kinachotoka pamoja na mtu kila ashukapo.

Mtikisiko wa barabara zetu hulegeza kila kitu, hivyo nati za fremu ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani, na zikaguliwe mara kwa mara; na kufuli lisitiwe oili nyingi, ambayo hukamata vumbi likagandamana, bali unga wa risasi ya penseli.

Yaliyobaki si ya fundi. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, na halmashauri, wizara na mashirika yataendelea kununua nyingine kwa ajili ya watumishi wao. Pikipiki hizo hutajwa katika zabuni kwa ukubwa wa injini na idadi yake, nami naona ni taksiri kubwa kumkabidhi mtumishi vifaa vya umma kisha akaachwa ajitafutie mpira wa kuvifungia, na vikiibwa akaulizwa yeye. Zabuni itaje fremu na masanduku mawili yanayotoka kwa kufunguliwa kutoka ndani, uzito wake ulingane kulia na kushoto, na ufunguo mmoja kwa masanduku yote mawili, wenye nakala itakayowekwa ofisini.